Mikono ya Darasa la Tatu

Jumatatu, 3 Machi

Nimepewa darasa la tatu. Mwalimu Mkuu amenikabidhi chaki na daftari la mahudhurio kama mtu anayekabidhi funguo za nyumba inayovuja, akasema, "Utawazoea." Chumba chenyewe kweli kinavuja, pembeni mwa mlango, na juu ni mabati matupu, hakuna dari. Watoto wamebanana kwenye madawati hadi wa pembeni anakaa nusu hewani.

Hii ni kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo. Nimerudi kwa dada nikiwa na vumbi la chaki hadi kwenye nyusi, sauti imekauka, na sijui mara ya mwisho nilifurahi hivi lini. Dada amenisikiliza akimenya vitunguu, kisha akasema, "Mdogo wangu, umemeza redio?"

Redio mwenyewe hajamwona. Ni msichana wa dawati la mbele. Jina hilo amepewa na wenzake na analivaa kama nishani. Kukaa hawezi. Akikaa, miguu inacheza. Miguu ikitulia, vidole vinapiga ngoma kwenye dawati. Vidole navyo vikitulia, mdomo unafunguka, na hapo ndipo unaomba vidole virudi.

Jumanne, 4 Machi

Nimeshawakariri majina nusu. Redio amenisahihisha kwa wote niliowakosea.

Ijumaa, 7 Machi

Yuko msichana mmoja anayekaa nyuma, dirishani. Ukimwuliza swali anakutazama mdomoni, wala si machoni, halafu anainamisha kichwa. Hajibu. Watoto wanamwita Jiwe. Leo nimemwuliza mara tatu siku inaitwaje, na mara zote tatu darasa zima limecheka kabla yake.

Mwalimu wa darasa la nne, ambaye tunagawana ukuta na ambaye humu namwita Jirani, ameniambia kwenye chumba cha walimu, "Yule usijisumbue. Waliokutangulia wote aliwashinda. Ni kiburi tu, amekaa kimya makusudi." Jirani ana miaka mingi kazini na anakunywa chai akiwa amesimama, kama mtu aliye tayari kuitwa. Nikaona lazima anajua anachosema.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imefunguka. Juu ya mabati ni kama lori linamwaga kokoto. Sikuweza kufundisha chochote baada ya mapumziko.

Jumatano, 12 Machi

Mvua tena, saa ileile. Madarasa mengine watoto wanaambiwa walaze vichwa kwenye madawati mpaka ipite. Nimepiga kelele hadi koo linauma, na Redio ameniambia baadaye kwamba alidhani naimba.

Alhamisi, 13 Machi

Lazima niandike haya yote kabla sijala. Dada ameita mara mbili.

Mvua ilipoanza leo nilisema moyoni, sipigi kelele tena. Nikachukua chaki nikaanza kuandika ubaoni. Hesabu. Naandika swali, nageuka, nanyoosha kidole kwa anayetaka kuja. Hakuna aliyesema neno kwa sababu hakuna ambaye angesikika. Watoto walielewa mchezo mara moja, wakawa wanagombania chaki.

Mkono ukainuka dirishani.

Nilidhani anaomba kwenda kujisaidia. Nikamwita kwa kidole. Akaja, akachukua chaki, akafanya ile hesabu, akarudi. Sahihi. Nikaandika nyingine, mkono ukainuka tena. Sahihi. Nikaandika ya kugawanya yenye baki, ambayo wengi wanaikimbia. Akasimama mbele yake kidogo akiuma mdomo wa chini, akaifanya, akapiga mstari chini ya jibu kwa rula ya Redio bila kumwomba. Nikamwandikia hesabu ya darasa la nne. Akakwama katikati, akafuta kwa kiganja, akaanza upya, akaipata.

Kisha mvua ikakatika ghafla, kama mtu amefunga bomba. Nilikuwa nimempa mgongo nafuta ubao. Nikasema kwa sauti, "Vizuri sana, rudi ukakae." Hakuondoka. Nikarudia. Akabaki anatazama ubao akisubiri swali jingine. Nikageuka, akaona mdomo wangu ukisema, "Rudi ukakae," na hapohapo akaenda.

Miezi, pengine miaka, mtoto huyu amekuwa akisoma midomo ya watu wanaogeuka kumpa mgongo, na sisi tunasema ana kiburi. Kwenye mvua ndipo sote tulipokuwa sawa naye.

Hasikii. Dada amesimama mlangoni na mwiko, nimemwambia sentensi hiyohiyo, "Hasikii, dada, hasikii," na lazima nilikuwa natabasamu kama mwendawazimu kwa sababu ameniuliza, "Sasa hilo nalo ni la kufurahia?"

Nimemjibu ndiyo. Kiburi siwezi kukifundisha. Mtoto asiyesikia naweza.

Ijumaa, 14 Machi

Nimemwendea mama yake nyumbani baada ya masomo. Anashona vifungo kwa ajili ya kiwanda, sakafu nzima imejaa mashati. Amesema binti alipata homa kali alipokuwa mdogo, akalazwa, akarudi mkimya. "Tulishukuru tu amepona, mwalimu. Ukimya tukasema ni tabia."

Jumamosi, 22 Machi

Hospitali, mimi, mama na binti. Daktari wa masikio amemwekea vitu masikioni, akawa anabonyeza na kuandika. Sikio moja halipati kitu. Jingine linapata sauti nzito tu: ngoma, lori, radi. Kifaa cha kusaidia kusikia kipo kwenye foleni ndefu, na huenda kisimsaidie sana. "Msingoje kifaa," amesema. "Mtoto anahitaji lugha sasa." Akatuelekeza shule iliyo upande wa pili wa mji yenye darasa la viziwi.

Mama alikaa kwenye benchi la korido akakunja kitambaa chake, akakikunjua, akakikunja. "Kila nilipomwita asije, nilimchapa," akasema. Binti alikuwa anamtazama mdomoni. Sijui alipata maneno mangapi, lakini alisogea akaegemeza kichwa begani kwa mama yake.

Jumatatu, 24 Machi

Mwalimu Mkuu si mtu mbaya. Naandika hivyo kwanza ili nisije nikajidanganya baadaye. Amenisikiliza hadi mwisho, mikono juu ya meza, miwani kwenye paji la uso.

"Sasa unataka nini?"

"Abaki, mwalimu. Nimfundishe pamoja na wenzake."

"Kwa darasa hilo lililojaa? Na mwisho wa muhula kuna imla. Anayeshindwa imla anarudia darasa, haendi la nne, hiyo ni sheria ya shule, sikuitunga kwa ajili yake. Utamsomea imla kwa mikono?"

Akacheka kidogo. Nikasema ndiyo. Akaacha kucheka, akashusha miwani. "Imla nasoma mimi mwenyewe kwa madarasa yote, kwa sauti, ili pasiwe na upendeleo," akasema. "Jaribu unachotaka kujaribu. Lakini siku hiyo sitabadilisha kitu."

Nimetoka na ruhusa ya kujaribu. Nimetembea hadi nyumbani kwenye manyunyu bila kufungua mwavuli.

Ijumaa, 28 Machi

Mvua ikianza sasa darasa langu linashangilia. Tumetunga ishara zetu wenyewe: chora, futa, sijaelewa, tena, subiri. Redio ametunga peke yake zaidi ya nusu. Katika mvua hakuna anayemwambia Redio atulie, maana mikono yake ndiyo inayoongea, na mwili mzima unaifuata. Msichana wa dirishani amehamia mbele, karibu naye. Leo amecheka. Sauti ya kicheko chake ni nene, inatoka kifuani, na watoto wamegeuka kumtazama kwa sababu hawakujua kwamba anayo.

Jumanne, 1 Aprili

Nimepiga chafya na darasa zima limenipa ishara ya "tena".

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimefika kwenye ile shule ya upande wa pili wa mji. Mwalimu wa darasa la viziwi ni kiziwi mwenyewe, mwanamume mrefu mwenye shati lililopigwa pasi hadi linakata. Nilijitambulisha kwa ishara zetu za darasani, nikiwa na kiburi chote cha mtu aliyebuni kitu. Alinitazama kwa adabu mpaka nikamaliza. Kisha akachukua chaki, akaandika ubaoni: "Umeniambia kwamba mwanafunzi wako ana pembe na unataka kumpika."

Nilicheka nikakaa chini. Naye akacheka, mabega yakimtikisika, bila sauti.

Halafu akaandika jambo ambalo nimelibeba njia nzima kurudi: "Lugha ipo. Watu wazima wanaoana kwa lugha hii, wanagombana, wanachumbia, wanasema uongo. Usimpe mtoto vipande. Mpe lugha."

Tumekaa hadi mchana. Amenifundisha alfabeti ya vidole, salamu, familia, vitu vya darasani. Anavikunja vidole vyangu kwa upole pale ninapokosea, kama fundi anayenyoosha waya. Nitakwenda kila Jumamosi. Vidole vinaniuma hata ninavyoandika hapa, na nimemfundisha shemeji yangu, mume wa dada, kusema "chai" na "tafadhali", ingawa yeye amejifunza "chai" tu.

Jumatano, 9 Aprili

Kila asubuhi kabla ya kengele nawafundisha nilichofundishwa Jumamosi. Wananipita mbio. Mimi bado natafuta herufi moja mfukoni, wao wameshaanza kutukanana kwa vidole.

Leo kumekuwa na kikao kizito. Mwalimu wa Alama, yule wa Jumamosi, kwa maana hivyo ndivyo watoto wanavyomwita ingawa hawajamwona, aliniambia kwamba kila mtu hupewa jina la alama, na jina hilo hupewa na watu wanaomjua. Nikawaambia darasa: Jiwe halitumiki tena hapa, mtafutieni jina. Wamebishana mapumziko yote. Wamerudi na hili: vidole viwili vinafunguka pembeni mwa jicho, kama dirisha. "Kwa sababu anaona vitu vyote, mwalimu," Redio amesema. "Aliona kwamba umevaa viatu visivyofanana, sisi hatukuona."

Nimetazama miguu yangu. Ni kweli.

Yeye mwenyewe amelifanya jina lile mara nyingi, polepole, kama anayejaribu nguo mbele ya kioo. Kwa maandishi siwezi kuliandika jinsi lilivyo, kwa hiyo humu nitamwita Macho.

Jumanne, 15 Aprili

Nina mapacha darasani. Mkubwa anasoma kama maji. Mdogo anakariri anachosoma kaka yake na kukirudia huku anatazama ukurasa, na nimegundua hilo wiki iliyopita kwa sababu ukurasa ulikuwa si huo. Herufi zinamchezea, b inageuka d, d inageuka p, na yeye anaona haya.

Leo nimemkuta anatahajia kwa vidole jina la kaka yake, chini ya dawati, bila kosa. Nikamwambia aandike b. Akaifanya kwanza kwa mkono wa kushoto, akautazama, kisha akaiandika kwa wa kulia. Sahihi. Nikamwambia d. Sahihi. "Hii haigeuki, mwalimu," akaniambia, akiuinua mkono wake kama anaonyesha kidonda kilichopona. "Ipo mkononi."

Nimetoka nje nikasimama kwenye kibaraza kidogo, kwa sababu mwalimu hatakiwi kurukaruka mbele ya wanafunzi.

Alhamisi, 17 Aprili

Mvua, matope, soksi zimelowa. Macho amejifunza kusema "unanichosha" na ameniambia hivyo leo mara moja, kwa haki.

Jumatano, 23 Aprili

Jirani amekuja mlangoni wakati wa mvua. Nilidhani amekuja kulalamika. Kwake watoto wamelaza vichwa, kwangu wanafundishwa juu ya mimea, kimya, huku mikono inaota kutoka kwenye madawati. Alisimama pale na kikombe chake mpaka mvua ilipopungua.

"Ile ya kuwaambia wanyamaze," akasema, "inafanywaje?"

Nikamwonyesha. Akajaribu kwa mkono usio na kikombe.

"Nilikwambia ana kiburi," akasema, na akaenda zake. Kwa Jirani, hayo ni mengi.

Jumamosi, 26 Aprili

Siku mbaya. Naiandika yote.

Mama yake Macho alinidokeza jana kwamba baba ameamua: muhula ukiisha, binti anakwenda kwa shangazi yake, mbali, akajifunze kushona. Basi leo badala ya kwenda kwa Mwalimu wa Alama nimekwenda kwenye karakana ya baba yake. Ni fundi wa kuchomelea mageti na madirisha. Cheche zinaruka hadi barabarani. Aliniona, akamaliza kipande chake bila haraka, akainua ngao ya uso. Nyuma yake nilikuta uso wa mtu mpole aliyechoka.

"Mwalimu, karibu. Nimekwishasikia habari zako."

"Shikamoo, baba. Nimekuja kwa ajili ya binti yako."

"Marahaba. Najua." Akanipa kigoda, yeye akabaki amesimama. "Umemsaidia, tumeona. Lakini shule ina mwisho, na mimi ni lazima nifikirie baada ya mwisho. Cherehani haihitaji masikio."

"Anafanya hesabu za darasa la nne."

"Na atamwambia nani majibu?" Alisema kwa utaratibu kabisa. "Huwa naye dukani, barabarani. Mtu anamwongelesha, hajibu, wanamcheka. Mimi hushika mkono wake nikapita. Sasa mmemfundisha kupunga mikono. Watu watamcheka kwa mbali zaidi."

Nikamwuliza kama anajua alama hata moja. Akasema anaongea naye vizuri tu: akitaka aje, anagonga meza, akitaka anyamaze, anagonga mara mbili. Hapo nikapandisha sauti. Nilimwambia hivyo ndivyo watu wanavyoongea na mlango. Mafundi wenzake wakageuka. Akashusha ngao ya uso, akaniambia kutoka ndani yake, "Kwaheri, mwalimu," na cheche zikaanza tena.

Shemeji amenisikiliza akakuna kidevu. "Ulichosema ni kweli," akasema, "lakini ulimwambia mbele ya watu wake." Nami nimekaa na hilo jioni nzima, halinishuki.

Jumanne, 29 Aprili

Macho hajaja shule. Jana pia hakuja.

Jumatano, 30 Aprili

Hajaja. Dawati la Redio limetulia, na sitaki liwe hivyo.

Ijumaa, 2 Mei

Redio hakuniomba ruhusa. Juzi baada ya masomo aliongoza kundi la wenzake hadi nyumbani kwao Macho, wakakaa mstari kwenye ngazi za nje, wakaanza somo la siku. Sayansi na hesabu, kwa mikono. Mama amenisimulia leo asubuhi mlangoni mwa darasa, akiwa amemshika binti mkono. Anasema watu walikuwa wanasimama barabarani kutazama. "Hakuna aliyecheka, mwalimu. Mtoto wa jirani aliuliza kama naye anaweza kukaa. Baba yake aliporudi kutoka kazini akashindwa kuingia ndani, ngazi zimejaa. Akabaki amesimama anatazama mpaka wakamaliza."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Asubuhi nikamwambia namrudisha mpaka muhula uishe. Akanyamaza. Kwake kunyamaza ni ruhusa."

Nimemwuliza Redio nani alimtuma. "Kwani lazima nitumwe?" akasema.

Jumatatu, 5 Mei

Imla ni Alhamisi. Naomba mvua. Ikinyesha, Mwalimu Mkuu hatasikika, na pengine ataniachia. Nimekuwa mtu wa kutazama mawingu kama mkulima.

Alhamisi, 8 Mei

Jua. Anga safi kama sahani iliyooshwa. Hata jani halikutikisika.

Mwalimu Mkuu akaingia na karatasi yake, watoto wakasimama, wakakaa. Nikatakiwa kusimama nyuma, mikono mgongoni, nisiseme wala nisionyeshe chochote. Hilo nilikuwa nimeahidi. Macho alikuwa kwenye dawati la mbele, kalamu tayari, anamtazama Mwalimu Mkuu mdomoni. Lakini Mwalimu Mkuu anasoma huku ameinamia karatasi. Mdomo hauonekani. Nikaona mabega ya Macho yanapanda.

"Sentensi ya kwanza," Mwalimu Mkuu akasema. "Mama alinunua kikapu kipya sokoni."

Na mikono ya Redio ikaruka.

Nina hakika hakukusudia. Redio hawezi kusikia kitu bila mwili wake kukijibu, na msimu mzima huu nimeufundisha mwili huo lugha. Mama, nunua, kikapu, pya, soko. Ndipo akashika kalamu akaandika. Na pembeni yake Macho akaandika.

"Sentensi ya pili."

Safari hii mikono ilikuwa mingi. Pacha mdogo alikuwa anatahajia kwa kushoto ili aandike kwa kulia. Kaka yake naye. Dawati la nyuma lote. Walikuwa wanaonyesha kwanza, kisha wanaandika, kwa sababu hivyo ndivyo wanavyofikiri sasa, na walikuwa hawana habari kwamba wanafanya lolote la ajabu.

Sentensi ya tatu Mwalimu Mkuu aliisoma nusu. Akainua kichwa. Akalitazama darasa, kutoka ukuta hadi ukuta. Mikono ikasimama hewani ilipokuwa.

"Wewe," akamwambia Redio. "Unafanya nini?"

Redio akasimama. Nilimwona anatafuta uongo, akakosa. "Nasikiliza, mwalimu."

"Unasikiliza kwa mikono?"

"Ndiyo, mwalimu."

Mwalimu Mkuu akaninyooshea jicho kule nyuma ya darasa. Sikutikisika. Akamtazama Macho, akatazama karatasi yake, akainama kusoma sentensi mbili zilizoandikwa pale. Alichukua muda mrefu kwa sentensi mbili. Kisha akanyooka.

"Njoo mbele," akamwambia Redio.

Redio akaja, taratibu, mtoto ambaye hajawahi kutembea taratibu. Alikuwa amekwishakunja vidole ndani ya viganja, kama mtu anayeficha alichoiba.

"Simama hapa, ambapo mwenzio anakuona. Yako utaifanya baadaye ofisini kwangu, nitakusomea nyingine." Akavaa miwani sawasawa, akaishika karatasi juu, mbele ya kifua, mdomo ukaonekana. "Narudia sentensi ya tatu. Na wewe usiongeze chako."

Wakaenda hivyo hadi mwisho, mmoja anasoma, mmoja anaonyesha. Katikati Macho akainua mkono na kumwambia Redio, "Tena, unakimbia," na Redio akamgeukia Mwalimu Mkuu: "Anasema tunakimbia." Mwalimu Mkuu akasoma polepole zaidi.

Alipotoka alipita karibu nami. "Nilisema sitabadilisha kitu," akaniambia kwa chini, macho yakiwa mbele. "Maneno nimesoma yaleyale."

Nimekimbia njia yote kurudi nyumbani. Sina maelezo mengine.

Jumatatu, 12 Mei

Matokeo. Macho amekosa maneno matatu, mojawapo ningelikosa hata mimi. Si wa kwanza, yuko katikati, na ni katikati iliyo nzuri kuliko yote. Anakwenda darasa la nne. Jirani ameniuliza, akitazama ndani ya kikombe, Jumamosi tunaondoka saa ngapi kwenda kwa Mwalimu wa Alama. Nimesema saa mbili. Pacha mdogo amefaulu kwa shida, amefaulu.

Jumanne, 13 Mei

Redio naye amefaulu, ile ya ofisini. Mwalimu Mkuu anasema aliifanya akiwa amesimama.

Ijumaa, 16 Mei

Siku ya kufunga. Wazazi wamejaa uani, matope yameanza kukauka na kupasuka. Nilimwona fundi akiingia getini na nguo za kazi, nikaenda kumpokea kabla hajanifikia.

"Baba, siku ile nilikukosea heshima mbele ya wenzako."

"Ulinikosea," akasema. "Na nilipokuwa naendelea kuchomelea, nilikuwa nawaza neno lako la mlango." Akafuta mikono kwenye suruali ingawa haikuwa michafu. "Kwa shangazi haendi. Nimekwisha kumpigia simu dada yangu. Nimekuja kuuliza, mtu wa umri wangu, vidole kama hivi, anaweza kujifunza?"

Vidole vyake ni vinene, vina makovu ya moto. Nilitaka kusema nitamfundisha mimi, lakini Macho alikuwa ameshatuona. Akaja mbio, akasimama kati yetu, akanisoma mdomo, akamsoma baba yake, kisha akamshika mkono wa kulia akaanza kuvikunja vidole vile kimoja kimoja. Jina lake. Vidole viwili, pembeni mwa jicho, vifunguke. Baba alijichoma jicho mara ya kwanza. Binti akacheka kile kicheko kinene. Mara ya tatu akalipata.

Kisha Macho akanigeukia, akaniambia haraka, akanionyesha niseme kwa sauti. Nikamwomba arudie, nilidhani nimekosea.

"Anauliza," nikamwambia baba yake, "unapokuwa kazini, ngao ikiwa juu, unafanya mdomo duara, hivi, kwa muda mrefu, na hakuna anayekujibu. Anasema tangu mdogo anakutazama. Alidhani unapuliza vumbi, lakini hakuna vumbi. Anataka kujua unamwambia nani."

Fundi akagusa midomo yake mwenyewe.

"Napiga mluzi," akasema. "Mwambie napiga mluzi tu."

Sijui alama ya mluzi. Mwalimu wa Alama hajanifikisha huko. Nikajaribu kueleza, nikakwama, Redio akaja naye akakwama. Mwisho baba akachuchumaa pale kwenye matope makavu, akauchukua mkono wa binti yake, akauweka mbele ya midomo yake, na mwingine kifuani, akapiga mluzi.

Macho alifumba macho. Nimemjua msimu mzima na sijawahi kumwona akiyafumba mbele ya mtu. Wazazi wakapita, watoto wakapita wakibeba madaftari, na mtu yule akaendelea, wimbo mrefu wenye beti, mpaka pumzi ikamwishia. Alipoacha, binti akafungua macho, akampa alama moja.

Baba yake akanitazama nimtafsirie.

"Anasema tena," nikamwambia.